Pale Bomba Linapojizima

Fresno, 2 Juni 2014

Mdogo wangu Shushan,

Nakusalimu kutoka kwenye kivuli cha mzabibu wa baba, mahali pekee penye nafuu katika uwanja huu. Joto limewahi mwaka huu. Natumaini magoti yako yanakubeba bado, na kwamba mwanao Ara ameacha kukubishia kuhusu chumvi. Hapa aprikoti zimekwisha. Jirani aliniletea kikapu kizima nikashindwa kukimaliza. Mzabibu umeshika vichala vingi, vya kijani na vigumu kama gololi. Masikio yangu ni yale yale, kwa hiyo acha kupiga simu. Nikiipokea nasikia kama mtu anakaanga vitunguu, basi.

Sasa jambo lenyewe. Unauliza kama Agosti nitakuja Glendale na zabibu kama kila mwaka. Sijui. Barua ya kuhuisha usajili wa gari imefika, na mwaka huu ni zamu yake ya kukaguliwa moshi. Pao Xiong alikuja kulichukua. Unamkumbuka Pao, yule kijana wa Kihmong niliyemfundisha kemia, aliyekuwa akiunguza kila kitu maabara. Sasa ana mvi na karakana yake mwenyewe. Nikakaa pembeni yake, tukaenda.

Alipomaliza vipimo akaja akinifutia kiti kwa mkono, jambo ambalo halikunipendeza.

"Mwalimu, limeanguka."

"Moshi?"

"Moshi tutauongea baadaye. Limeanguka likiwa limezimwa."

Usicheke, ndivyo ilivyo. Watu wanadhani gari huchafua hewa linapokimbia tu. Petroli hailali. Jua likipiga tanki, mvuke unapanda, nao una njia yake: paipu inayoupeleka kwenye mkebe wa makaa ulio karibu na injini. Makaa yanaushika mpaka gari liwashwe, ndipo injini inauvuta na kuuchoma. Pao aliibana ile paipu kabla ya mkebe, akaingiza hewa kidogo kwenye tanki, tukatazama kipimo. Ilitakiwa hewa itulie humo. Mshale ukashuka taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi hataki kusikika. Mpira wa kifuniko cha tanki umekauka na paipu ina ufa.

Bila cheti cha ukaguzi hakuna stika ya usajili, na bila stika siwezi kuvuka mlima kuja kwenu. Kwa hiyo usinitegemee sana. Afya yangu ni ya mzee wa miaka themanini na sita.

Kaka yako,
Hagop


Glendale, 14 Juni 2014

Kaka Hagop,

Barua yako imenikuta mzima, magoti ni magoti, na chumvi naitia Ara akienda kazini. Nairi amemaliza chuo. Nimeona mjukuu wangu akiwa na ile kofia kichwani nikalia kama niko msibani, mpaka mama mmoja asiyenijua akanipa pole. Mwezi wa tisa anakuja huko kwenu Fresno kuanza kazi ya ualimu. Nimemwambia, "Huko utaungua." Akaniambia, "Bibi, si ndiko ulikozaliwa?" Nikamjibu, "Ndiyo, na si unaona nilikimbia?"

Sasa nisikilize. Umeandika ukurasa mzima juu ya paipu ya mpira, na mstari mmoja juu ya mwili wako. Mwezi wa nne ulilazwa, ukaniandikia kuwa ni vipimo tu. Nilikuuliza daktari amesema nini. Hukujibu. Nakuuliza tena.

Halafu eti Pao alikuja kulichukua gari. Tangu lini Hagop Melikian anachukuliwa gari lake na yeye akakaa pembeni? Wewe ambaye Zabel, Mungu amrehemu, alikuwa mkeo miaka yote ile na hukuwahi kumwachia usukani ukiwemo ndani?

Unajua msimamo wangu. Tangu tulipomzika baba sijawahi kuweka zabibu mdomoni kabla za mzabibu wake hazijabarikiwa kanisani Agosti, na hizo unazileta wewe. Watu hapa wanakula za dukani tangu Mei, nawaangalia tu. Mwaka huu sitazila mpaka nikuone uso kwa uso. Sisi ni wawili tu tuliobaki, na sitaki mmoja wetu aondoke wakati tunaandikiana habari za tanki. Kama gari halipiti, Ara atakufuata. Amesema mwenyewe, sikumlazimisha, nilimtazama tu.

Mdogo wako,
Shushan


Fresno, 1 Julai 2014

Mdogo wangu Shushan,

Unisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli. Mpe Nairi pongezi zangu na umwambie darasani asiwahi kusema "nyamazeni" mara mbili. Aseme mara moja, kisha anyamaze yeye. Zabibu zimeanza kulainika. Ndege wamekuja kukagua wakaondoka, wakaona bado.

Gari limeingia hatua ya pili, na hapa nahitaji msaada wako. Pao alibadilisha kifuniko na paipu. Tanki sasa linashika hewa vizuri kabisa, mshale umekaa kama umegandishwa. Nikadhani tumemaliza. Akalipandisha kwenye zile rola zinazozunguka chini ya magurudumu, akalikimbiza hapo hapo lilipo, akapima kinachotoka kwenye ekzosi. Mafuta yasiyoungua ni mengi kupita kiasi.

Akafungua boneti akaung'oa ule mkebe wa makaa. Akauinamisha. Shushan, petroli ikatoka kama chai kwenye birika.

"Mwalimu, huyu kalewa," akasema. "Nani anakujazia mafuta?"

"Najaza mwenyewe. Bomba la kituoni likijizima lenyewe naacha."

"Basi kuna mtu haachi. Hii haikuingia siku moja. Hii ni ya miaka."

Nilimweleza, au tulielezana, kwa kuwa mtihani ule wa makaa alipasi kwangu mimi. Makaa yale yametobolewa vitundu visivyoonekana, na mvuke unajibana humo. Yameumbwa kwa mvuke, hayakuumbwa kwa maji ya petroli. Ukiendelea kubonyeza baada ya bomba kujizima, mafuta yanapanda shingoni mwa tanki, yanaingia njia ya mvuke na kuyazamisha makaa. Yakishazama hayashiki kitu tena. Injini inavuta petroli mbichi na kuitapika.

Nimewaza sana ni nani. Gari hili limeazimwa na ukoo mzima, lakini sijui aliyelifanyia hivi. Pao anatafuta mkebe mwingine. Wa gari la umri huu haupatikani kirahisi.

Usimtume Ara. Ana kazi zake, na mimi sipendi gari lake, mtu anapanda kama anapanda ghorofa.

Kaka yako,
Hagop


Glendale, 9 Julai 2014

Kaka Hagop,

Tumshukuru Mungu kwa kuamka leo. Ara mzima, Nairi anafunga mizigo yake na kuifungua tena, na mimi nimekaa mezani nikiwa na aibu.

Ni mimi.

Siyo mimi peke yangu, lakini mimi nilianza, na nadhani niliwafundisha wengine. Kila nilipoazima gari lako, nililirudisha limejaa. Ungetaka nirudishe vipi? Mama alitulea hivyo hivyo wewe na mimi: jirani akikuletea dolma zake za wali na majani ya mzabibu, sahani yake haiendi nyumbani kwake tupu, hata ukiweka mayai mawili. Sasa kama sahani hairudi tupu, gari je? Nilikuwa nabonyeza. Bomba likijizima nasema, hili bomba lina ubahili. Nabonyeza tena. Nabonyeza mpaka nione mafuta yanang'aa shingoni, ndipo moyo unatulia. Siku ya arusi ya Ara nilijaza hivyo. Wiki ya msiba wa Zabel, tulipokuwa tunapokezana gari kwenda uwanja wa ndege kuchukua wageni, kila aliyelirudisha alikuwa akijaza. Nakumbuka binamu Levon alijisifu mbele ya watu: "Nimelijaza mpaka limecheua." Na mwenzake akasema, "Mimi nilikuta umejaza, nikaongeza."

Agosti iliyopita pia, ulipokuwa kwangu. Nilienda nalo sokoni nikajaza. Nilidhani nakupenda.

Basi nimekiri, na sasa ni zamu yako.

Barua yako ya mwisho, anwani kwenye bahasha haikuandikwa na wewe. Ule ni mkono wa mwanamke, mdogo wa umri, anaandika herufi za duara. Na ndani, mistari yako inateremka kulia kama barabara ya kwenda bondeni. Wewe uliyekuwa ukiwakata watoto alama kwa mistari iliyopinda.

Mara ya kwanza nilikuuliza kwa heshima. Mara ya pili nilikuuliza kwa utani. Sasa nauliza tu. Daktari alisema nini, Hagop?

Shushan


Fresno, 28 Julai 2014

Shushan,

Leo sitakusalimu kwa mvua na jua. Natumaini umeketi.

Herufi za duara ni za muuguzi. Anaitwa Maribel, anakuja nyumbani kila asubuhi, anapima presha, ananisuta kwa kutokula, kisha anapeleka barua zangu posta. Mwezi wa nne daktari alinieleza kuwa moyo umechoka na hakuna cha kurekebisha. Nilimuuliza kama nitaziona zabibu. Akasema, "Labda." Nilimpenda kwa hilo, kwa sababu hakuongeza neno. Nilikataa kurudi tena hospitali nikachagua kitanda changu, dirisha likiwa upande wa mzabibu. Leseni niliirudisha mwezi wa tano. Barua ya Julai ilichelewa kwa sababu kwa wiki moja sikuweza kushika kalamu.

Gari halikuwa sababu hata siku moja. Lingepita Juni, bado nisingekuja. Nilikuandikia habari za paipu kwa kuwa kila neno lake lilikuwa kweli, na mtu anayesema kweli nyingi ndogo anajiona hadanganyi. Nimefundisha miaka arobaini kuwa jibu lisilojibu swali halipati alama. Basi nipe sifuri.

Kwa nini nilinyamaza? Umenijibia mwenyewe bila kujua, na niliposoma barua yako nilicheka mpaka Maribel akaja mbio. Ni ile wiki ya Zabel. Mlikuja wote. Sufuria zilijaa mpaka kwenye ngazi. Kila aliyeingia alinikumbatia, akalia, akanisimulia jinsi alivyompenda, na mwingine akamkuta analia akaongeza. Hakuna aliyekosea. Ilikuwa wema mtupu. Lakini niliwahi kwenda kujifungia gereji, nikakaa ndani ya gari lile lile, ili nipumue. Sisi na watu wetu hatujui kuacha pale bomba linapojizima. Niliogopa mkisikia mtanijazia nyumba kabla sijafa, na siku zilizobaki nizitumie kuwafariji ninyi.

Kwa hiyo nilishika kimya. Ila makaa nayo, hata yale mazima, hayakuumbwa kushika milele. Yanashika usiku ili asubuhi yaachie, injini ichukue. Gari lisipowashwa kabisa, hata mvuke peke yake utayajaza. Mimi ni mwalimu wa kemia na imenichukua kuanzia Aprili mpaka Julai kulijua hilo juu ya nafsi yangu. Nimeandika hadi hapa na nimegundua kifua ni chepesi. Maribel anasema presha ya leo ni nzuri. Anadhani ni dawa.

Sasa habari njema. Pao aliupata mkebe. Jumatatu iliyopita alikuja na kiti cha magurudumu alichokiazima kanisani kwao, kwa kuwa nilisema nataka kuwepo. Kifuniko kikashika. Tanki likashika. Akalipandisha kwenye rola, akalikimbiza, namba zikaanza kutokea kwenye kioo, naye akakiziba kwa mgongo wake makusudi.

"Pao, toka hapo."

"Mwalimu alikuwa anatuficha alama mpaka Ijumaa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka ulikuwa unafeli."

Akatoka. Limepita, Shushan. Limepita vizuri kuliko magari ya vijana. Amenipa cheti nikakaa nacho mapajani njia nzima kama mtoto mwenye cheti cha ubatizo.

Unajua kwa nini nilisumbuka hivyo na gari nisiloweza kuliendesha? Ni la Nairi. Akija kufundisha huku atalihitaji. Sheria inasema mtu akitoa gari nje ya watoto na ndugu wa tumbo moja, yule anayetoa ndiye anayelikaguza. Mjukuu wa dada hamo kwenye orodha. Nilitaka nilitoe mimi, kwa mkono wangu, likiwa halivuji, wala nisiache kazi hiyo kwa mtu baada ya mazishi.

Sasa ombi, na hili ni gumu kwangu kuliko vyote. Njoo. Nataka kukuona. Lakini njoo peke yako. Sufuria moja, Shushan, moja. Wengine waambie wewe, polepole, waje mmoja mmoja. Na ukiona nimefumba macho, usinifariji. Kaa tu.

Hagop


Glendale, 2 Agosti 2014

Kaka,

Nilikukasirikia asubuhi. Mchana nikalia. Jioni nikasoma tena pale unaposema kifua ni chepesi, na changu nacho kikashuka. Kujua ni kubaya, lakini kukisia kulikuwa kunaniua mimi kabla yako.

Nimemwambia Ara. Alishika funguo za gari hapo hapo. Nikamwambia, "Weka chini. Zamu yako itafika." Akaniuliza nitaenda vipi. Nikamwambia treni ipo na mimi nina miguu, ya ovyo lakini miwili.

Nitafika Jumatano. Maribel anipokee au asinipokee, najua nyumba yetu. Ninaleta sufuria moja, dolma za majani. Nilitaka kuuliza kama mfuko wa mkate nao unahesabika kuwa sufuria, kisha nikajizuia. Unaona najifunza.

Nitakaa upande wa dirisha. Sitakufariji. Nikishindwa, nitatoka nje nikawafariji ndege.

Shushan


Fresno, 18 Agosti 2014

Mdogo wangu Shushan,

Barua hii umeikuta juu ya kifuniko cha sanduku la zabibu alilopakia Nairi, aliyekuja juzi kwa zamu yake kuchukua gari. Ukiisoma utakuwa umeshaondoka hapa, yeye kwenye usukani na wewe ukimwambia apunguze mwendo kabla hajatoka uwanjani. Najua unarudi Alhamisi na Ara. Lakini Alhamisi ni mbali kwa mtu kama mimi, na kuna jambo sikukuambia jana kwa sababu Nairi alikuwepo, na kwa sababu nilikuwa nimejaa furaha nikaogopa kuimwaga.

Nakushukuru kwa siku hizi. Dolma zako zilikuwa na chumvi nyingi. Nilikula nne, na Maribel ameandika hivyo kwenye taarifa yake kama ushindi wa serikali. Nakushukuru kwa zile saa za mchana ulizokaa dirishani ukichambua dengu ambazo zilikuwa safi tayari. Niliona. Nilikuwa nimefumba macho lakini sikuwa nimelala.

Nakushukuru kwa jana. Nilidhani kufika tena kanisani ni ndoto. Uliendesha kama umebeba mayai, Nairi nyuma na beseni la zabibu za baba mapajani. Padri alipozibariki, watu wakanyoosha mikono kuchukua, na mimi nikaona wewe hukuchukua. Ulikuwa unanitazama mimi kwanza, uhakikishe nipo. Nipo. Nilikuwepo.

Lakini ninachotaka kukuambia ni kile kilichotokea wakati wa kurudi, pale kwenye kituo cha mafuta. Ulisema unarudisha gari la watu, lazima lijazwe. Sikukukumbusha ule mkebe. Ukashuka. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, na kwenye kioo cha nje niliweza kukuona: kiwiko chako, mkono juu ya mpini wa bomba. Mlio wa kujizima sikuusikia, masikio yangu unayajua. Lakini niliona mkono wako ukishtuka kidogo, nikajua limejizima.

Nikangoja. Nimekujua miaka themanini, Shushan. Nilijua kinachofuata. Vidole vyako vilikaza kwenye mpini. Ukautazama mdomo wa tanki. Ukanitazama mimi kwa nyuma, kisogo changu tu, hukujua kwamba nakuona. Ukasimama hivyo, mwanamke mwenye kofia ya kanisani, na gari la nyuma likaanza kupiga honi.

Kisha ukalegeza vidole. Ukalichomoa bomba, ukalitundika, ukafunga kifuniko mpaka kikakaza. Ukarudi ndani ukasema, "Inatosha," ukawasha gari.

Sijawahi kupendwa hivyo.

Zabibu hizi zimebarikiwa, na uso wangu umeshauona. Fungua sanduku sasa, ule.

Kaka yako,
Hagop